Bawaba za Landrova ya Sadock

Cornel aliubamiza mlango wa Landrova kwa nguvu hadi kuku wa jirani wakagoma kutaga wiki nzima. Hivyo ndivyo wanavyosimulia watu wa Bagara, mjini Babati, na mpaka leo hakuna kuku aliyejitokeza kukanusha. Watu wengine wakimaliza kusema hunyamaza. Cornel alimalizia kwa mlango.

"Shemeji Devotha, mimi si kuli," alisema, kisha pwaa! mlango wa dereva. "Kila kliniki mgongo wangu unakatika. Tafuteni njia nyingine."

Kaka yake, Sadock, bado alikuwa nyuma ya gari, chali juu ya turubai lililobeba vitunguu asubuhi ile. Kiharusi kilikuwa kimemnyang'anya karibu maneno yote na kuukakamaza mguu wake wa kulia ukawa kama mpini wa jembe. Goti halikukunjika. Kwa hiyo teksi haikumfaa, bajaji haikumfaa, na hata mlango wa kati wa Landrova yake mwenyewe haukumfaa, maana ulifunguka nusu tu, halafu ukasimama njiani kama mgambo. Ikabidi apakiwe kwa nyuma, panapopakiwa mahindi, na kushushwa na vijana waliookotwa kijiweni.

"Leo mzigo unapumua!" mmoja wao alitania, wenzake wakaangua kicheko.

Devotha hakucheka. Alimtazama mumewe akijipangusa maganda ya vitunguu kwenye shati, kwa mkono mmoja uliobaki mzima, ganda baada ya ganda. Huyu ndiye aliyeiendesha Landrova hii ikiwa ya misheni, na misheni ilipoichoka akainunua; Cornel alishika usukani baada ya kiharusi tu. Wajawazito wa Singe na Mutuka aliwafikisha hospitali kwenye mvua na matope bila kuwaomba hata senti. Inasemekana mtoto mmoja alizaliwa kwenye kiti cha kati wakiwa wamekwama korongoni, na kilio chake cha kwanza kilifanana kabisa na gia ya pili.

"Cheka vizuri, John," Devotha alimwambia yule mtani. "Mama yako alikushusha duniani kwenye kiti hicho hapo. Na hakuna aliyemwita mzigo."

John alimshika Sadock mabegani. Wakamweka Sadock kwenye kiti chake cha magurudumu, wakaondoka wakitazama chini.

Walipobaki wawili, Sadock aliunyooshea kidole mlango wa kati. "Toa," alisema.

"Nitoe nini, Baba Blessing?"

"Toa." Akageuza kiganja juu, akakipandisha taratibu kama mtu anayenyanyua sufuria jikoni.

Devotha aliutazama ule mlango mgambo, akatazama nafasi ambayo ingebaki kama usingekuwepo, akaona kiti cha kati kikiwa wazi, kirefu, kinachotosha mtu kuingia kwa makalio na kuunyoosha mguu wake wote kama binadamu.

"Utoke kabisa," alisema. "Halafu urudi."

Sadock akatikisa kichwa kukubali, na jicho lake la kushoto likacheka.

*

Gerson, mwenye duka la vipuri karibu na stendi, alipowaona wakiingia, mama anasukuma na mzee anasukumwa, alimwinamia Devotha na kunong'ona, "Mzee anasikia?"

"Muulize mwenyewe. Masikio yako kichwani kwake, si kwangu."

Gerson akakohoa. "Shikamoo, mzee."

Sadock aliinua mkono. Ndiyo ilikuwa marahaba yake siku hizo.

Bawaba za mlango unaochomoka zilikuwepo za aina tatu, na Gerson alizipanga juu ya kaunta akianza na zile alizotaka kuuza. Zilimeremeta kama vijiko vya kwa padri. "Hizi ndizo za kisasa. Ukitaka mlango utoke, unachukua nyundo, unagonga pini kwa chini, inatokea juu. Kuna mwenye kambi ya watalii amefunga kwenye magari yake yote. Mzungu akiziona lazima apige picha."

Sadock alizipokea, akazipima uzito, akazirudisha. Kisha akaigiza mtu anayegonga nyundo, akajionyesha kifuani, akafumba macho na kutoa ulimi nje.

"Anasema ukimaliza kugonga, mgonjwa ameshakufa," Devotha alieleza.

Za pili zilikuwa bawaba za geti. Pini imesimama, mlango unavikwa juu yake, basi. Rahisi, na bei yake haiumizi. Sadock aliivika moja kwenye pini yake, akaitikisa sikioni. Ikalia koko, koko, koko. Akachora hewani barabara ya Dareda, mashimo yake na kona zake, halafu akaonyesha mlango ukiruka porini. Gerson mwenyewe alicheka.

Za tatu zilitolewa chini kabisa ya rafu, zimefungwa kwenye gunia. Nyeusi, nzito, matundu ya bolti yanalingana na ya Landrova. Pini ilisimama upande wa bodi, bomba lake upande wa mlango, na chini kulikuwa na tundu dogo la kupitisha kipini cha usalama ili mlango usiruke njiani. Sadock aliingiza kidole gumba ndani ya bomba, akakizungusha, akakitoa na kukinusa kama anayeonja mboga.

"Hii."

"Hizo? Zimelala humu tangu enzi ya marehemu baba," Gerson alisema. "Hazing'ai hata kidogo! Mama, chukua za kung'aa. Gari likipendeza, mgonjwa anapata moyo."

"Hatufungi kwa bibi harusi, Gerson. Tunafunga kwa mgonjwa. Funga mzigo."

Mbuzi wa maziwa wa Devotha alikuwa ameuzwa kwa ajili ya bawaba za mlango mmoja. Siku hiyo walikunywa chai ya rangi, na kila alipoinua kikombe Devotha alimkumbuka Cornel na mgongo wake unaokatika, mgongo uleule unaobeba magunia ya wenye pesa kuanzia Jumatatu hadi Jumapili.

*

Gidamis, fundi kutoka upande wa Hanang, alikuja nyumbani na sanduku lake. Bolti za zamani alikuwa amezilowesha mafuta ya taa tangu jana yake, na bado ziling'ang'ania kama kupe.

"Tunatoa bawaba moja, tunafunga moja," alisema. "Ukizitoa zote mbili kwa pamoja, mlango unashuka. Halafu utafunga mpaka uzeeke, haukai."

Kati ya chuma na bodi aliweka kipande cha tyubu ya baiskeli, kwa sababu bodi ya Landrova ni aluminiamu, na chuma kikiigusa moja kwa moja huila taratibu. Akakaza, akafuta mikono, akasema, "Haya, Mama Blessing. Vua, kisha vika. Nikiondoka utafanya wewe."

Kuvua kulikuwa rahisi. Chomoa vipini vya usalama, nyanyua, mlango huo mikononi. Kuvika ndiko kulikoleta maneno. Pini ya chini ikiingia, ya juu inakataa. Ya juu ikikubali, ya chini imetoka. Mlango ulikuwa mzito kama ndama, na jasho lilimwingia Devotha machoni.

"Refu," alisema Sadock kutoka kwenye kiti chake. "Fupi."

"Zote sawa, mzee," Gidamis alimjibu kwa sauti ya juu, kama watu wanavyowajibu wagonjwa. "Zimetoka kiwandani sawasawa."

"Refu! Fupi!" Sadock alipiga mkono wa kiti, mate yakamtoka. Alionyesha chini, akaonyesha juu, na alipoona wanamtazama tu kwa huruma, machozi ya hasira yakamlengalenga. Watu wote tangu augue walimtazama hivyo, kama redio inayokoroma.

Devotha aliuegemeza mlango kwenye ukuta. Akachuchumaa mbele ya mumewe. "Baba Blessing, nionyeshe kwa vidole vyangu. Taratibu."

Kwa mkono wake mzima Sadock akaishika mikono ya mkewe, mmoja baada ya mwingine: ule wa chini akaunyoosha kidole kizima, ule wa juu akaukunja kidole nusu. Kisha akamwashiria avisogeze vyote kwa pamoja: kile kirefu kikafika kwanza, kifupi kikafuata.

"Pini ya juu ikatwe kidogo!" Devotha aliruka. "Nikamate ya chini kwanza, ya juu ifuate yenyewe. Gidamis, leta msumeno."

Gidamis alikata, akapiga tupa ncha, akapaka grisi. Devotha akaunyanyua mlango, akatafuta pini ndefu, akaipata, akaushusha. Ukaketi. Kwa sauti ndogo tu, tk, kama mtu anayeweka kikombe juu ya sahani.

Halafu wakauvua tena. Wakasogeza kiti cha magurudumu, wakaweka ubao, na Sadock akajiburuta mwenyewe, makalio kwanza, mpaka akaketi kwenye kiti cha kati, mgongo umeegemea upande wa pili, mguu umenyooka mbele yake. Landrova haikuwashwa. Hakukuwa na safari. Aliketi humo tu mpaka jua likahama, akitazama nje mahali ambapo mlango ungekuwepo, na hakuna aliyethubutu kumwambia ashuke.

Hapo ndipo Cornel alipofika. Alimtazama kaka yake kidogo. Alilitazama lile pengo muda mrefu.

"Hapa," alisema, akifinya jicho moja, "mpiga picha akikaa hapa, anachukua msafara wote bila kuzuiwa na kitu."

*

Babati, harusi isiyo na matarumbeta watu huiita kikao. Matarumbeta hukaa kwenye gari la mbele, mpiga video naye humo humo ananing'inia, na nyuma yao magari yote huwasha taa za hatari na kufuata. Hakuna dereva wa msafara anayeuliza njia. Unafuata tarumbeta. Tarumbeta ikikata kushoto, unakata kushoto, hata kama ukumbi uko kulia. Hiyo ndiyo desturi, na kamati za harusi hulipa vizuri kwa gari la mbele lenye sura.

Sasa vuta picha ya Landrova kuukuu, utepe shingoni, haina mlango hata mmoja. Cornel hakupoteza wiki. Kwa fedha iliyotokana na gari lenyewe alimwita Gidamis akafunga bawaba za kuchomoka kwenye milango iliyobaki, na kuanzia hapo kila Jumamosi milango ya Sadock ilibaki nyumbani imeegemea ukuta, safu moja, kama wageni waliofika mapema wakakosa chai. Siku za kliniki zilipoangukia siku nyingine, aliwapeleka huku akinuna. Zilipoangukia Jumamosi, gari "lilikuwa gereji."

"Huna aibu?" Devotha alimuuliza siku moja. "Mbuzi wangu aliuzwa ili kaka yako aingie garini. Si ili wapiga ngoma waning'inie."

"Unga mnaokula unatoka wapi, shemeji? Sukari je? Mimi ndiye ninayelisha nyumba hii." Akanyoosha mkono, pwaa!

Basi ikaja ile Jumamosi. Wataalamu wa viungo kutoka mbali walikuwa wamepiga kambi hospitalini, na mmoja wao, dada mmoja aitwaye Xaveria, alikuwa amempima Sadock na kumtengenezea chuma cha mguu, cha kufunga na mikanda, ili aweze kusimama. Chuma kilikuwa tayari. Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya mwisho, na mwisho wenyewe saa tisa alasiri. "Asipofika, mama, tunaondoka nacho," Xaveria alisema. "Kimepimwa kwake, hakimfai mwingine, lakini hatuwezi kukiacha bila kumfundisha kutembea. Na sijui tutarudi lini."

Devotha alimweleza Cornel Jumatano. Akamweleza Alhamisi. Ijumaa akamweleza akiwa ameshika mlango usibamizwe.

"Saa mbili asubuhi niko hapa," Cornel aliapa. "Ni kaka yangu, au mmesahau?"

Na kweli alifika. Alifika mapema kuliko hata ahadi, amevaa suti. Devotha alifurahi mpaka akamkaangia yai. Cornel alikula, akasifu chumvi, akatoka nje, akaanza kuvua milango.

"Mbona yote, shemeji?"

"Upepo. Mgonjwa anahitaji hewa." Alifuta mdomo. "Naenda kujaza mafuta mara moja. Mwandaeni."

"Ahsante, shemeji. Mungu akubariki," Devotha alisema. Maneno hayo baadaye ndiyo yaliyomuuma kuliko mengine yote. Alimshukuru.

Walimvalisha Sadock shati lililopigwa pasi. Saa tatu ikapita. Saa nne. Simu ya Cornel iliita ikachoka. Saa sita Sadock bado ameketi mlangoni kwake, amenyolewa, anatazama barabara, na ile milango imeegemea ukuta nyuma yake.

"Mama," Blessing aliita. Ni binti yao mkubwa, anauza nguo za watoto sokoni, na siku ile alifunga biashara ili amsukume baba yake. Alimpa mama yake simu. "Angalia status ya baba mdogo."

Ilikuwa Landrova. Mbele ya kanisa, hapo hapo Bagara, imefungwa tepe nyeupe na za dhahabu. Chini Cornel ameandika: *Chombo cha kazi. Karibuni wateja.*

Devotha aliirudisha simu polepole sana. Alivua kanga ya jikoni, akajifunga nyingine kiunoni, akaikaza fundo.

"Sukuma baba yako," alisema.

"Mama, hospitali iko juu ya mlima. Tulishajaribu, kiti kikatushinda, nusura kiturudie."

"Nani kasema tunakwenda hospitali? Tunakwenda harusini."

*

Walipofika, maharusi walikuwa wametoka kanisani na watu wanapiga picha. Landrova ilikuwa mbele kabisa, injini inanguruma; stata yake ilikuwa mbovu na Cornel hakuthubutu kuizima. Wapiga matarumbeta walikuwa wameketi nyuma, ngoma kubwa imelala kwenye kiti cha kati, na mpiga video amekaa mbele, mguu mmoja nje.

Cornel aliwaona kwa mbali. Akaja haraka, tabasamu limemganda usoni.

"Shemeji, jamani. Si ningekuja?"

"Saa ngapi?"

"Tukimaliza ziwani kupiga picha. Saa kumi na moja hivi."

"Saa tisa wanafunga. Unajua. Nimekwambia mpaka ulimi umeota sugu."

"Punguza sauti, watu wanatuangalia!"

"Waangalie! Wamekuja kuangalia."

Mwenyekiti wa kamati, Bwana Eliakunda, mtu wa tumbo na beji, alijisogeza kati yao. "Mama yangu, leo ni siku ya furaha. Gari tumelikodi kihalali. Usilete mambo ya nyumbani hapa. Nenda, jioni tutawafungia pilau, na mgonjwa tutamwekea soda."

"Soda," Devotha alisema.

"Ya baridi kabisa."

Kabla hajajibu, sauti nyingine ilitoka mbele. Ilikuwa ya mpiga picha wa maharusi, kamera jichoni, anapunga mkono bila hata kutazama anampungia nani. "Mama! Mama hapo! Sogeza hicho kiti nyuma, kinaingia kwenye picha!"

Hicho kiti. Na ndani ya kiti alikuwa Sadock, amenyolewa, na shati la pasi. Aliinamisha kichwa. Kwa mkono wake mzima akajaribu kulirudisha gurudumu nyuma ili asimharibie mtu picha, na kiti kikazunguka upande mmoja tu, kikabaki palepale.

Wapo waliosimulia kwamba wakati huo moshi ulimtoka Devotha masikioni na shada la bibi harusi likanyauka. Hayo ni ya watu wa kijiweni. Ukweli ni huu. Alikishika kiti, akakirudisha nyuma kama alivyoagizwa, akakizungusha, akakisukuma moja kwa moja hadi ubavuni mwa Landrova, upande wa mlango wa kati usiokuwepo.

"Toa ngoma," alimwambia kijana wa karibu. Kumbe alikuwa John, yule mtani wa mzigo unaopumua. Jumamosi hupuliza tarumbeta.

John alimwangalia, akamwangalia Sadock, akaangalia kile kiti cha kati. Akaitoa ngoma akaipakata.

"Baba Blessing, makalio kwanza." Sadock alijivuta. Blessing alishika mguu. Hawakuchukua muda hata wa kusema sala fupi, maana walikuwa wamefanya mazoezi, na hakukuwa na mlango wa kuwazuia. Kiti kikarushwa nyuma kwa wapiga ngoma. Blessing akapanda pembeni mwa baba yake. Devotha akazunguka, akaingia kwa dereva.

Sadock alikuwa amemfundisha gari hili zamani, kwenye shamba la Mutuka, wakipakia mahindi. Leseni hakuwa nayo. Hasira alikuwa nayo.

"Mama," John aliuliza kwa upole, "tunaenda wapi?"

"Pulizeni."

"Tupulize nini?"

"Chochote! Si ndiyo kazi yenu?"

Wakapuliza. Gia ya kwanza ikalia, Landrova ikaruka kama mbuzi, na Cornel alipogeuka mkono wake ukakamata utepe tu, ukakatika.

"Gari langu!" alipiga kelele. "Ee! Simamisha!"

Lakini nani angemsikia? Matarumbeta yamelia, na madereva wa msafara wakafanya kile wanachokifanya siku zote. Wakawasha taa za hatari, wakapiga honi, wakafuata. Maharusi wakasukumwa ndani ya gari lao, nalo likafuata. Wazazi wa pande zote mbili wakafuata, kamati ikafuata, basi dogo la kwaya likafuata. Barabarani bodaboda zilisimama kupisha, na akina mama wa sokoni wakapiga vigelegele. Landrova ilipofika pa kukata kwenda ziwani haikukata. Ikapanda mlima wa hospitali, na harusi nzima ya Babati ikapanda nyuma yake, mpiga video akichukua kila kitu na kusema peke yake, "Hii ni kali, hii ni kali sana."

"Taratibu," Sadock alisema kutoka nyuma, pale kwenye kona. Ni neno lake la udereva.

"Usinifundishe leo, Baba Blessing," Devotha alijibu, na akapunguza mwendo.

*

Xaveria alikuwa anafunga masanduku aliposikia ngoma getini. Alitoka akakuta magari yamejaa mpaka barabarani, na bibi harusi anachungulia dirishani akiuliza, "Hapa ndipo pa picha?"

"Mama Blessing," Xaveria alisema, "hawa wote ni ndugu wa mgonjwa?"

"Kwa leo, ndiyo. Chuma kipo?"

"Kipo."

Wakaingia ndani. Nje, harusi ilisimama kwenye jua la mlima bila kujua ishuke au iondoke, na Bwana Eliakunda alitembea huku na huko akitafuta mtu wa kumfokea. Wapiga matarumbeta walifika mahali wakanyamaza, kwa kuwa ni hospitali.

Kumfunga mtu chuma cha mguu hakuhitaji haraka. Xaveria alikaza mikanda, akalegeza, akakaza tena. Akampa fimbo. Sadock aliinuka, akaketi, akatukana bila maneno, akainuka tena.

Cornel alifika akiwa kwenye bodaboda, suti imepata rangi ya barabara. Alipanda Landrova moja kwa moja, akakamata usukani kwa mikono miwili, akaketi humo akisubiri. Devotha alipotokea mlangoni mwa jengo, alianza.

"Umenidhalilisha! Mbele ya wateja! Mimi ninayewalisha, mimi ninayewabeba, unaniibia gari mchana kweupe! Kuanzia leo, shemeji, kliniki mtakwenda kwa miguu! Umesikia? Kwa miguu!"

Nyuma ya Devotha, mtu akapiga hatua. Chuma kikagusa saruji, fimbo ikafuata, mguu mzima ukafuata. Halafu tena. Sadock alitoka juani amesimama, shati la pasi limelowa jasho, mdomo umepinda upande mmoja kwa juhudi. Watu wa harusi walijitenga wakaacha njia, na yule mpiga picha wa maharusi aliinua kamera yake. Devotha alimtazama mara moja tu. Mpiga picha akaishusha.

Sadock alitembea mpaka ubavuni mwa Landrova, upande wa dereva, akasimama mbele ya mdogo wake. Hakukuwa na kitu kati yao.

"Kaka," Cornel alisema, sauti imeshuka, "si unaelewa? Ilikuwa kazi. Nilikuwa narudi."

Sadock alikusanya mdomo wake. Ilichukua muda, na hakuna aliyemsaidia.

"Shuka."

"Kaka, sikiliza kwanza."

"Shuka!"

Cornel alishuka. Alikuwa na mengi ya kusema na yote yalimjaa usoni, akageuka kwa ghadhabu, na kwa mazoea mkono wake ukarudi nyuma kuutafuta mlango aubamize. Mkono ukapita hewani, ukamzungusha mzima mzima, akapepesuka, akaishia kushika bega la Bwana Eliakunda.

Milango yote ilikuwa nyumbani, imeegemea ukuta.